Mwenye cheki namba (namba ya mshahara ya mtumishi wa serikali) awaachie nafasi mpya waliopo mtaani?

MhitimuWaKigoma (mleta mada)
Wadau, salamu kwenu. Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo naliweka hapa tulijadili. TRA, mamlaka ya mapato, mwaka 2025 walitangaza nafasi 1,596, waombaji wakazidi 130,000. Mnadhani wote hao walitoka mtaani? Nimeshafanya usaili wa taasisi kadhaa. Ukikaa kwenye foleni ya kuhakiki vyeti unayasikia mwenyewe: huyu mwalimu, yule yuko benki, yule wa halmashauri anatafuta mshahara mnono. Kaja kwa ruhusa ya msiba, kalala gesti, kajisomea kwa utulivu. Mimi nauli nimekopa na usiku nimelala stendi. Halafu tunaambiwa haki imetendeka kwa sababu pepa ni moja.

Bomba la kijiji likitoa maji saa moja tu kwa siku, aliyekwisha kujaza ndoo hasogei tena mbele ya mwenye ndoo kavu. Hoja yangu ni hiyo. Kwa nafasi za kuingilia, yaani za ngazi ya kwanza ya ajira, aliye kwenye ajira rasmi, ya serikali au ya binafsi, asiombe hadi wasio na kazi wapate. Tena kuna nyumba baba ana cheki namba, mama ana cheki namba, na mtoto juzi kapangiwa. Nyumba ya jirani digrii tatu na hakuna hata mwenye kibarua. Wake wa watumishi nao wangesubiri kidogo.

Kuli wa Bandarini
Umesema ya moyoni mwa wengi. Nakumbuka usaili wa Uhamiaji pale Uwanja wa Taifa, nadhani 2013, watu zaidi ya elfu kumi wamejaa majukwaani kwa nafasi 70. Tangu siku ile nikajua nchi hii kazi ni bahati nasibu. Mwenye kazi atosheke.

Ngosha wa Busega
Ilikuwa Juni 2014, si 2013. Nilikuwepo, nilikaa jukwaani na bahasha yangu. Na wengi wetu pale tulikuwa tumetoka chuoni tu, hatukuwa na kazi yoyote. Kwa hiyo mfano wako unampinga mleta mada: waondoe wenye kazi wote, bado 10,000 kwa 70 hawaenei.

Kuli wa Bandarini
Unakimbilia kusahihisha mwaka kana kwamba mwaka ndio ulioninyima kazi. Elfu kumi ni elfu kumi, iwe 2013 au 2014.

Mwalimu Nanyumbu
Mleta mada, ruhusa ya msiba umeniona nayo wapi? Mimi ni mwalimu, niliomba hizo nafasi, na niliomba kwa likizo yangu. Mnaosema mwalimu kashiba, tazameni salary slip yangu: bodi ya mikopo 15%, PSSSF (pensheni ya watumishi) 5%, bima 3%, CWT (chama cha walimu) 2%, kodi, bado mkopo wa benki nilioezekea nyumba ya mama. Nilisoma masomo ya biashara. Ualimu niliingia kwa sababu ndio mlango uliokuwa wazi mwaka ule. Sasa mlango niliousomea umefunguka, mnataka nifungiwe kwa sababu sikukaa bure? Yaani aliyekubali kwenda kijijini, akanywa maji ya kisima, akafundisha darasa la watoto mia, ndiye wa kuadhibiwa?

MhitimuWaKigoma
Mwalimu, hakuna aliyekuadhibu. Wewe kila tarehe 23 simu inaita. Mimi bodi ya mikopo inanidai deni lile lile unalokatwa wewe, na sina pa kukatwa. Umeuita ualimu mlango. Kuna vijana wa ualimu waliomaliza 2015 hadi leo hawajaona chaki, na tangu Januari 2025 nao wanasailiwa kama kada nyingine, wakati zamani TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, ilikuwa inawapangia moja kwa moja. Kwao huo mlango unaoutumia kupitia ndiyo nyumba.

Mzee wa Ikama
Wanangu, nimekaa ofisi ya utumishi halmashauri hadi nikastaafu. Nianze na hili: unachodai kwa upande wa serikali kimeshaandikwa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yamekuwa yakisema mtumishi wa umma aliye kwenye nafasi ya kuingilia asiombe tena nafasi ya kuingilia, na yanautaja waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Aliyejiendeleza akapata sifa za kada nyingine anapitisha barua kwa mwajiri wake.

Mimi nina swali jingine. Mwalimu akitoka Nanyumbu akaenda TRA, kiti chake kinakaliwa na nani? Kingejazwa mwezi unaofuata, mleta mada asingekuwa na kilio: mmoja kapanda, mmoja kaingia, idadi ya waliopata kazi ni ile ile. Lakini halmashauri inaomba kibali cha ajira mbadala, yaani cha kuziba nafasi ya aliyeondoka, kibali kinangoja bajeti, bajeti inangoja mwaka mpya wa fedha. Niliona ajira zikisimamishwa Juni 2016 kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na 2017 wakaondolewa zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Shule zikabaki na mwalimu mmoja wa hesabu, zingine hazina hata mmoja. Wahitimu walikuwepo mtaani, ikama, hesabu ya watumishi wanaohitajika, ilionyesha pengo, na pengo likaendelea kuwa pengo. Naomba mnijibu hapo.

Mama Chausiku
Nimesoma yote, nimekwama kwenye "wake wa watumishi nao wangesubiri kidogo". Kusubiri nini? Mimi ni muuguzi, nina stashahada niliyoisotea miaka mitatu, leseni ya baraza ninayo. Mume wangu ni afisa kilimo. Cheki namba ya mume ni ya mume. Siku akifa itafutwa kwenye mfumo, nami nitabaki na cheti cha ndoa mkononi nikizungushwa na ndugu zake kwenye mirathi. Hilo lilimpata shangazi yangu, mume alimwambia "kaa nyumbani, mshahara wangu unatosha". Ulitosha mpaka alipooa mwingine.

Kuli wa Bandarini
Mama, usipandishe. Jamaa kaongelea familia kwa ujumla. Nyumba yenye mishahara miwili na nyumba isiyo na hata mmoja si sawa, hilo unalipinga?

Mama Chausiku
Napinga mlivyochagua nani asubiri. Mbona hakuandika "waume wa watumishi"? Mimi nikitangulia kupata ajira, yeye angeambiwa akae nyumbani?

Ngosha wa Busega
Jibu hilo swali, mleta mada.

MhitimuWaKigoma
Najibu. Sikumaanisha mwanamke. Nilimaanisha mwenza yeyote. Ukoo mmoja kuwa na watumishi wanne ni jambo linaloumiza kijiji kizima, na wote tunajua jinsi nafasi ya pili na ya tatu zinavyopatikana: kimemo kwa mjomba.

Mama Chausiku
Sasa imekuwa kimemo! Mimi nilipangiwa kituo mkoa nisiomjua mtu, nikaenda na mtoto mgongoni. Unamtuhumu nani hapa?

Mwalimu Nanyumbu
Ndivyo walivyo. Ukipata kazi umebebwa. Wakikosa wao wameonewa. Hakuna anayejiuliza kama aliandika barua inayosomeka. Nimesahihisha barua za maombi za vijana wa digrii pale kijijini, mtu hajui anwani ya mwandikiwa inakaa upande gani.

MhitimuWaKigoma
Na nani aliwafundisha kuandika barua, mwalimu? Si nyinyi? Digrii yangu ni ya juu kuliko unavyodhani na barua yangu haina kosa. Miaka yote hii nimeuza vocha, nimepiga picha za pasipoti, nimesimamia mitihani ya watu. Usiniambie habari ya barua.

Mkataba wa Mwaka
Nimekaa pembeni nasoma, naomba niulize. Mimi nipo kampuni binafsi, mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Unaisha Desemba, na kila Novemba bosi anatuita mmoja mmoja ofisini. Mwaka jana tuliingia saba, wakaendelea wanne. Kwa sheria yenu mimi ni "mwenye kazi"? Niombe lini, Januari nikiwa sina kodi ya nyumba? Na yule kijana wa bodaboda anayeingiza zaidi ya mshahara wangu, yeye ataandikwa hana ajira? Serikalini utawajua kwa cheki namba. Huku kwetu wengi hata NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hatujaandikishwa. Utatujuaje? Atakayefungiwa ni yule mwenye mwajiri mwaminifu anayewasilisha michango. Aliyeajiriwa kienyeji atapita.

Kuli wa Bandarini
Bodaboda kuingiza zaidi ya mshahara wako ni maneno ya watu ambao hawajawahi kumlipa mwenye pikipiki hesabu ya kila siku. Mvua ikinyesha wiki nzima, hesabu inadaiwa. Pikipiki ikikamatwa, hesabu inadaiwa. Mdogo wangu alivunjika mguu na hesabu ikadaiwa.

Mkataba wa Mwaka
Pole kwa mdogo wako. Bado swali langu liko pale pale.

Mwana wa Voi
Ndugu zangu wa huko, mimi ni Mkenya. Huku TSC, tume ya kuajiri walimu, wakiajiri, mwaka wa kuhitimu una alama zake kwenye karatasi ya kupima. Aliyemaliza zamani na hajaajiriwa anapata alama nyingi kuliko aliyemaliza juzi. Malalamiko hayaishi, kuna wanaosema waliosubiri sana wamesahau hata kufundisha, lakini angalau kusubiri kwako kunahesabiwa kwa alama.

Ngosha wa Busega
Hili nimelipenda. Mtu akae miaka minane mtaani, halafu pepa limpime sawa na aliyetoka chuoni jana na notisi zake bado zina joto? Kwetu ukifaulu usaili ukakosa nafasi unawekwa kanzidata, orodha ya akiba. Miaka ya kabla ya hapo haina thamani yoyote.

Mwalimu Nanyumbu
Kwa hiyo ajira iwe zawadi ya kusota? Mgonjwa anamtaka daktari anayejua, hana haja na aliyesubiri kuliko wote.

Mama Chausiku
Na aliyesubiri kwa sababu alikuwa analea, hiyo miaka itahesabiwa? Au itaitwa kukaa nyumbani?

MhitimuWaKigoma
Ihesabiwe. Mama, hapo niko nawe kabisa. Ninachotaka mimi tangu mwanzo ni kwamba asiye na kazi aongezewe alama.

Mkataba wa Mwaka
Mkuu, tangu mwanzo uliandika mwenye kazi asiombe hadi wasio na kazi wapate. Bandiko lako liko juu pale. Kumfungia mtu na kumwongezea mwingine alama ni madai mawili. La pili naweza kuliunga mkono, la kwanza linanifukuza mimi.

MhitimuWaKigoma
Lengo ni lile lile. Usinitafutie maneno.

Mzee wa Ikama
Nimeuliza jambo moja tangu asubuhi, mmejadili wake, barua na bodaboda. Nalirudia kwa namna nyingine. Mwalimu Nanyumbu, usaili ukijibu na ukaondoka, shuleni kwako somo lako litafundishwa na nani?

Mwalimu Nanyumbu
Mzee, kwa ukweli, na nani. Wa fizikia alihama nikiwa bado mgeni pale. Vipindi vyake nimegawiwa mimi wa biashara.

MhitimuWaKigoma
Mimi nimesoma fizikia.