Tupeane uzoefu: wimbo gani ulikufanya uipende sayansi?

KINANDA (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Natengeneza orodha ya nyimbo kwa ajili ya watu wanaopenda sayansi. Sitaki ile ya kutafuta neno "nyota" au "atomu" kwenye majina ya nyimbo, unajaza mia moja, halafu hakuna anayezisikiliza. Nataka kila wimbo uingie na mtu wake. Uje useme uliusikia wapi, ulikufanyia nini, na sayansi iliyomo ni ipi.

Naanza mimi. Wangu ni "The Elements" wa Tom Lehrer, mwanahisabati aliyekuwa pia mtunzi wa nyimbo. Aliutoa mwaka 1959. Alichukua muziki wa opera ya mwaka 1879 ya Gilbert na Sullivan, akaupachika majina ya elementi zote zilizojulikana wakati wake, 102, mfululizo, kwa kasi ya kuukunja ulimi. Mimi nilikuwa sekondari na jedwali la elementi lilinishinda kabisa. Nikaandika majina kwa penseli, nikabandika karatasi ukutani ubavuni mwa kitanda, nikawa nasimamisha wimbo kila baada ya sekunde tano na kurudisha nyuma. Wiki ya tatu niliuimba wote bila kukosea.

Mtihani ukauliza seleniamu iko kundi la ngapi, yaani safu wima ya ngapi kwenye jedwali. Wimbo hauna jibu hilo! Majina yamepangwa kwa vina na mizani, hayakupangwa kwa namba ya atomu. Antimoni yenye namba 51 imekaa na arseniki yenye namba 33, halafu inafuata alumini yenye 13. Nilitoka pale nimeumia. Jioni nikafungua jedwali, nikawa naimba jina moja moja huku natafuta kwa kidole linakaa wapi. Nikakuta antimoni na arseniki kumbe kweli ni ndugu, zote kundi la 15, na seleniamu iko mlango wa pili, kundi la 16. Usiku ule nilianza kuona kwamba jedwali lina sababu. Leo elementi zimefika 118, kwa hiyo wimbo una pengo la 16, na nimewahi kujaribu kuzipachika hizo 16 mwishoni. Hazikai.

Karibuni.

TARAKIMU

"Pi" wa Kate Bush, wa mwaka 2005. Anaimba tarakimu za pai, ile 3.14 isiyokwisha, moja moja, taratibu, kama anambembeleza mtoto. Nilijifunzia hapo. Angalizo kwa watakaonifuata: mbele huko kuna kipande cha tarakimu amekiruka, kwa hiyo ukishapita hamsini za mwanzo uwe na kitabu mkononi. Nampenda hivyo hivyo. Kabla yake sikujua kuwa namba isiyo na mwisho inaweza kuwa na huzuni.

MAMA PACHA

Ndugu Kinanda, huku kwangu ni nyimbo mbili, na ukiweka mmoja umeharibu. Kuna wimbo wa watoto wa mwaka 1959 unaoeleza jua linawakaje, ambao kundi la They Might Be Giants liliuimba upya miaka ya tisini. Unasema jua ni gesi iliyopata moto mkali. Pacha wangu waliuimba tangu wana miaka minne. Mwaka 2009 kundi lile lile likautia kwenye albamu yao ya sayansi ya watoto, na nyuma yake likaweka wimbo wa pili wa kurekebisha ule wa kwanza: jua si gesi, ni plazma. Yaani joto ni kali kiasi kwamba elektroni zimebanduka kwenye atomu zake, na hiyo ni hali nyingine ya maada, ya nne, tofauti na yabisi, kimiminika na gesi.

Nilipowawekea wa pili, mmoja wa pacha alikasirika kweli. "Kwa hiyo walitudanganya?" Nikamwambia hawakudanganya, walijua zaidi wakarudi kusema. Alikaa kimya, akaomba niuweke tena. Sasa hivi yuko darasa la sita na akikosea hesabu anasema, "Subiri, nakuja na wimbo wa pili."

ZAMU YA USIKU

Mimi ni nesi. Wimbo wangu kwa maneno yake hauna sayansi hata chembe, ni wa disko: "Stayin' Alive" wa Bee Gees, 1977. Mapigo yake ni 103 kwa dakika. Mtu akisimama moyo, kifua kinakandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi kwa mtu mzima, na kila mara unakiachia kirudi chote juu. Ukienda polepole damu haifiki kwenye ubongo. Ukienda mbio mno moyo haupati nafasi ya kujaa, unakuwa unakamua chombo kitupu. Mkufunzi wetu alitufundisha kwenye sanamu la plastiki, akasema imbeni kichwani. Darasa zima lilicheka.

Mwaka wangu wa pili kazini, saa tisa usiku, mzee mmoja alianguka akitoka chooni. Nilikuwa wa kwanza kufika. Nakumbuka kifungo cha shati lake kilikuwa chini ya kiganja changu, kinachoma, na sikuwa na nafasi ya kukisogeza. Hofu inakusukuma uende mbio. Ndipo wimbo ukaja wenyewe. Mwenzangu aliyeshika mfuko wa kusukumia hewa akawa anautamka kwa midomo bila kutoa sauti, tukashikana hapo: thelathini zangu, pumzi mbili zake, thelathini zangu.

Miaka mingi baadaye nilisoma jinsi ngoma za wimbo ule zilivyorekodiwa. Mpiga ngoma wao alilazimika kuondoka kwa sababu ya kifamilia, wakakata kipande kifupi cha ngoma kutoka wimbo wao mwingine, wakakiunga mkanda ukawa duara, unazunguka na kurudia. Ndiyo maana mapigo hayachoki wala hayapandi. Mtu wa kawaida akipiga ngoma dakika nne, mwendo unayumba kidogo. Ule mkanda haukuyumba, na mimi usiku ule nilihitaji kitu kisichoyumba.

KUNDI LA 15

Dada Zamu, yule mzee alipona?

MSOMAJI

Mimi nashauri tuweke Mozart wa kutosha. Imethibitishwa kuwa anaongeza akili, hasa kwa watoto wachanga.

MWALIMU WA ZAMU

Mkuu Msomaji, Mozart aingie, lakini kwa sababu nyingine. Utafiti uliozaa habari hiyo ulitoka mwaka 1993 kwenye jarida la *Nature*. Waliopimwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo, hakuwamo mtoto mchanga hata mmoja. Walisikiliza muziki wa Mozart dakika kumi, wakafanya maswali ya kuwaza maumbo, kama karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Walifanya vizuri kidogo zaidi, na nguvu hiyo ikaisha ndani ya robo saa. Waliokuja kurudia jaribio, wengi waliona ni suala la kuchangamka tu. Muziki wowote unaoupenda unaweza kukuchangamsha.

Nasema haya kwa sababu nimeona wazazi wakijilaumu kuwa hawakumwekea mtoto muziki tumboni. Msijilaumu. Ila ukisoma huku unasikiliza, chagua muziki usio na maneno, maana maneno ya wimbo yanagombania nafasi ile ile ya kichwa inayotumika kusoma.

MSOMAJI

Asante mwalimu, nimeelewa. Mozart abaki basi, kwa uzuri wake.

SIKIO

Wakuu, mimi sioni tangu kuzaliwa. Simu yangu ndiyo inanisomea maandishi haya. Uzi huu nimeusubiri muda mrefu bila kujua kuwa nausubiri.

Miaka yote watu waliniambia anga ni nzuri. Nilikubali kama unavyokubali habari za nchi usiyoitembelea. Mwaka 2020 mradi wa Chandra, darubini ya angani ya NASA, shirika la anga la Marekani, ulianza kutoa picha za anga zilizogeuzwa sauti. Ya kwanza niliyoisikia ni ya katikati ya galaksi yetu, eneo lenye upana wa miaka ya nuru kama 400. Mstari unapita kwenye picha kutoka kushoto kwenda kulia. Kitu kilicho juu kinatoa sauti nyembamba, kilicho chini sauti nene, na kadiri kinavyong'aa ndivyo kinavyosikika kwa nguvu. Nyota zinadondoka moja moja kama matone, mawingu ya gesi yanavuma kwa chini. Kuelekea mwisho, upande wa kulia, sauti zinajaa ghafla, zinapandana. Hapo ndipo lilipo lile shimo jeusi kubwa la katikati, lenye mvutano mkali hata mwanga hautoki. Niliirudisha nyuma mara nyingi sana. Kwa mara ya kwanza nilijua mwenyewe kuwa kuna upande wenye nyota nyingi na upande wenye chache, bila mtu kunisimulia.

Halafu kuna ile ya kundi la galaksi la Perseus. Hiyo si picha iliyogeuzwa tu. Ni mawimbi halisi ya mgandamizo, yaani sauti yenyewe, yanasambaa kwenye gesi kutoka kwenye shimo jeusi lililo katikati. Wanasayansi walitangaza mwaka 2003 kuwa noti yake iko oktava 57 chini ya C ya katikati ya piano, na kila oktava unayoshuka mtetemo unapungua nusu. Wimbi moja linachukua karibu miaka milioni 10 kupita. Mwaka 2022 wakaipandisha oktava 57 na 58 ili sikio la binadamu liweze kuipata. Ni kama mtu anayeguna ndani ya pango. Wengine inawatisha, mimi nalala nayo.

Na mjue pia yuko mwanaastronomia wa Puerto Rico, Wanda Díaz-Merced, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa masomoni, akaendelea na utafiti wake kwa kusikiliza data. Anatafuta kwa sikio kile ambacho wenzake wanakitafuta kwenye grafu.

KINANDA

Sikio, ndugu yangu, nimezima taa nikavaa hedifoni. Ile ya katikati ya galaksi itafungua orodha. Nilichopanga kuweka namba moja nimekiondoa.

MAWIMBI

Naongeza iliyo fupi kuliko zote: mlio wa mashimo meusi mawili yaliyogongana, ulionaswa na LIGO, mitambo ya Marekani ya kunasa mawimbi ya mvutano, tarehe 14 Septemba 2015. Sehemu ya sekunde tu. Unaanza chini, unapanda, "wup!", umekatika. Tukio lenyewe lilitokea zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Ndio mlio wa simu yangu, na kila anayeuliza ni nini tunaishia kuongea nusu saa.

SAFARI NDEFU

Nilikuwa baharia. "'39" wa Queen, 1975, uliotungwa na Brian May, mpiga gitaa wao. Unawahusu watu waliotumwa mbali kutafuta dunia mpya. Kwao unapita mwaka mmoja, lakini wakirudi nyumbani imepita karne.

Nilikuwa nausikia kama wimbo wa safari tu. Injinia wetu wa pili ndiye aliyenikalisha mezani, akageuza karatasi ya kumbukumbu za mitambo, akanipigia hesabu: kadiri unavyokaribia kasi ya mwanga ndivyo muda wako unavyokwenda polepole, na ili mwaka wako mmoja uwe miaka mia ya wenzako, uende kwa asilimia 99.995 ya kasi ya mwanga. Nikamwambia hayo ni ya vitabuni. Akanyoosha kidole kwenye kifaa cha GPS. Akasema saa za setilaiti zile, kwa sababu ya mwendo, zinachelewa mikrosekunde 7 kwa siku, na kwa kuwa ziko mbali na mvutano wa dunia zinawahi 45. Jumla zinawahi 38. Wasingelirekebisha hilo, kila siku meli ingekosea mahali ilipo kwa kilomita kadhaa zaidi.

Safari ile nilimwacha binti yangu anatambaa. Niliporudi baada ya miezi kumi na moja alijificha nyuma ya mama yake. Tangu hapo siwezi kuusikiliza nikiwa na watu.

Brian May mwenyewe aliacha masomo ya uzamivu ya fizikia ya anga miaka ya sabini, muziki ukamchukua. Alirudi akamaliza mwaka 2007, tasnifu ikihusu vumbi lililotawanyika katikati ya sayari. Zaidi ya miaka thelathini, na utafiti ulikuwa bado unamsubiri.

MAMA PACHA

Baharia, pole. Binti sasa anakujua?

SAFARI NDEFU

Ananijua sana, dada. Anasoma uhandisi wa mitambo.

ZAMU YA USIKU

Samahani wakuu, nilikuwa kazini, ndiyo naona swali.

Moyo wake ulirudi baada ya dakika kama kumi na nne. Aliishi siku mbili. Asubuhi ya siku ya pili binti yake alifika kutoka mbali, akamkuta yuko macho. Hakuweza kuongea kwa ajili ya mpira uliokuwa kooni, lakini alimshika mkono na alimjua. Niliwavutia pazia nikaendelea na wagonjwa wengine.