Tupeane uzoefu: uliyewahi kuishi au kufanya kazi na Wapalestina au Waisraeli, walikuambia nini?

Wakuu, ikitajwa Gaza humu inakuwa Simba na Yanga. Leo tuache timu, mwenye stori ya mtu wa kule aimwage.

Naanza mimi. 2018 hadi 2021 nilikuwa Doha, fundi AC, foromani wetu mtu wa Khan Younis, mji wa Gaza. Akimpigia mama yake salamu ya kwanza ni "umeme upo?" maana ni wa zamu, bi mkubwa anaamka saa nane usiku kufua kisa ndo umerudi. Machi 2019 vijana wa kule wakaandamana, "bidna na'eesh", yani tunataka kuishi, kodi na ugumu wa maisha vimewashinda, na waliowatembezea virungu siku hizo ni polisi wa Hamas, kundi la Kipalestina lililokuwa linatawala Gaza, wala sio Israel. Mdogo wake akavunjwa mkono. Nikamtania si mliwachagua wenyewe? Akacheka, "uchaguzi ulikuwa 2006, huyu dogo alikuwa na miaka sita". Mwaka uliofuata Hamas wakaitwaa Gaza kwa mtutu, kura ya bunge haijapigwa tena. Halafu akaniambia usiyarudie haya mbele ya Muisraeli, atafurahi, na mimi sitaki afurahi.

#2
Mkuu mi nilikuwa upande wa pili wa uzio, mafunzo ya kilimo kwenye kibbutz, kijiji cha ushirika cha Waisraeli. King'ora kikilia una sekunde 15 uwe umeshaingia handaki, mara ya kwanza nilikimbia na ndoo ya nyanya mkononi sijui nilikuwa naiokoa ya nini 😂. Kulikuwa na bibi mmoja anajitolea kwa gari lake kuchukua watoto wagonjwa wa Gaza pale Erez, geti la kutoka Gaza kuingia Israel, anawapeleka hospitali. Nimerudi Bongo wiki tatu kabla ya 7 Oktoba 2023, Hamas walipovuka uzio na kushambulia Israel. Siku ile waliuawa watu kama 1,200, wakiwemo vijana wetu wawili waliokwenda kusomea kilimo kama mimi. Bibi nilimtumia meseji jioni ileile. Mpaka leo tiki moja.

#3
Pole mkuu. Ila #1 unatupiga chenga, Hamas ana makosa sawa, na aliyefunga anga, bahari na mipaka tangu 2007 ni nani? Misri nao wakabana Rafah, mpaka wao na Gaza. Kufikia Julai 2025 wizara ya afya kule ilishahesabu maiti wa vita hii zaidi ya 60,000, hao wote Hamas??

#1
Hao wote sio Hamas na sijasema hivyo, soma vizuri. Nyumba ya foromani imeshuka chini kwa bomu la Israel, yule dogo wa mkono alikuwa ndani. Hakuwahi kushika bunduki.

Mama yake foromani yupo kwenye hema Mawasi, pwani ya Gaza. Foromani anasema siku hizi akipiga haulizi tena umeme, anauliza maji.