Juni 30 na slabu ya soko: tuharakishe au tusubiri?

Mwenye hoja, Kondele: Hapa Kisumu, kila kandarasi ya soko au zahanati ya kaunti iwekewe mwisho Juni 30, na mkandarasi akichelewa akatwe fidia kila siku. Mwaka wa fedha ukifungwa siku hiyo, pesa ambazo hazijatumika hurudi hazina ya kaunti, na jengo hubaki nguzo tupu na nondo zenye kutu. Mnaopinga leteni hesabu, si huruma.

Mhandisi, Ahero: Kandarasi ikisainiwa Februari, msingi unachimbwa Machi masika yakianza. Kwenye udongo mweusi wa Kano, mtaro ukijaa maji kingo zinaporomoka na udongo wenyewe unavimba. Utatoa maji, utachimba tope upya, kisha ujaze mawe na murramu, ukishindilia tabaka la milimita 150 kwa 150. Mkandarasi anayekatwa fidia atajaza milimita 400 kwa mkupuo. Juu pagumu, chini sponji, na kiangazi kikija sakafu inapasuka. Fidia haikaushi udongo, ndugu. Zabuni zitangazwe Julai, uchimbaji uangukie kati ya Desemba na Februari.

Mkadiriaji, Milimani: Mhandisi, si kila kazi ni msingi. Zipo zinazoitikia pesa. Chukua slabu, yaani sakafu ya zege ya juu, ya mita za mraba 300, unene milimita 150: hizo ni mita za ujazo 45. Kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (simiti, mchanga, kokoto), mfuko wa simiti wa kilo 50 hutoa zege kama mita za ujazo 0.14, kwa hiyo mashine ya kuchanganya, mfuko mmoja kila mzunguko, itazungusha mara 320 hivi. Dakika nne kila mzunguko, mashine moja inakula saa 21. Zege la usiku linakuta la asubuhi limeshaganda, na hapo kwenye mwungano ndipo maji yatavujia. Mashine mbili, saa 11. Pesa hiyo imenunua muda na usalama kwa pamoja. Lakini kuleta vibarua 20 wa plasta wakati kila kitu kinangoja slabu ikomae ni kulipa watu wakae kivulini.

Msimamizi wa mjengo, Nyalenda: Saa 11, Kisumu hii? Ukianza saa kumi na mbili asubuhi utamaliza saa kumi na moja jioni, na mvua yetu hupenda kushuka alasiri. Itaosha simiti yote ya juu. Weka mashine tatu, saa saba mchana unafunika kwa nailoni.

Mkadiriaji, Milimani: Tatu ni sawa, kama winchi itazimudu. Winchi ikipandisha zege la mashine mbili tu, la tatu litakaa likingoja, lianze kukauka, na vijana wataongeza maji ili lilainike. Ukivuka lita 25 hivi kwa mfuko, nguvu imekwenda. Mchanga ukiwa umelowa, punguza hata hizo. Winchi ikishindwa, gawa slabu siku mbili, mwungano ukae theluthi ya kati, kati ya boriti na boriti.

Mwenye hoja, Kondele: Baada ya kumwaga mnangoja nini? Siku 28 zote?

Mhandisi, Ahero: Hapana. Siku ya 7, ikiwa limemwagiliwa vizuri, zege huwa na kama theluthi mbili ya nguvu yake. Mbao za chini ya slabu zaweza kutoka, propu, yaani nguzo za muda za kuishikilia, zibaki hadi siku ya 14, za boriti hadi 21. Vipande vya zege vya majaribio vikivunjwa siku ya 7 na kutoa nguvu ndogo, ongeza siku. Simiti ya daraja la nguvu la 42.5 hukomaa mapema kuliko ya 32.5, linganisha tofauti ya bei na kodi ya propu kwa wiki. Wakati huohuo milango na kenchi za paa zitengenezwe karakana, maana hazingoji slabu. Na hiyo Juni 30 yako: kaunti hulipa kwa cheti cha kazi iliyopimwa. Jengo si lazima liwe limekwisha.

Mwenye hoja, Kondele: Kwenye cheti nimekusikia. Ila mashine ya tatu inalipwa na nani? Mkandarasi hataitoa mfukoni.

Mkadiriaji, Milimani: Iandikwe kwenye jedwali la kazi na bei kabla ya zabuni, mstari wake peke yake. Ikiibuka katikati ya kazi itaombwa kama nyongeza, na kwa sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya 2015 nyongeza zote pamoja hazivuki asilimia 25 ya bei ya kandarasi. Kwenye udongo mweusi, msingi peke yake waweza kuumeza mwanya huo.