Naomba ushauri: fulana za "Hakuna Matata"

Habari zenu wanajukwaa. Naombeni mawazo, hasa wenye uzoefu wa sheria za biashara.

Nachapisha fulana za kuwauzia watalii hapa Mombasa, na maandishi wanayoyaulizia zaidi ni "Hakuna Matata". (Sisi wenyewe kwa wenyewe husema "hakuna shida" au "hakuna noma", lakini mgeni humwambii kitu.) Sasa fundi wangu wa kuchapisha amegoma, anasema maneno hayo ni mali ya Disney.

Nimejaribu kufuatilia. Kweli Disney waliyasajili Marekani kama alama ya biashara, usajili ukapita 2003, na fulana zimo. Mwishoni mwa 2018 watu wengi walitia saini ombi la kupinga jambo hilo. Lakini bendi ya hapa Kenya, Them Mushrooms, waliyaimba katika wimbo wa "Jambo Bwana" mwaka 1982, miaka 12 kabla ya The Lion King, filamu ya Disney iliyoyatumia, na ni Kiswahili cha kawaida tu. Ninavyoelewa pia, usajili wa alama hufuata mipaka ya nchi, kwa hiyo wa Marekani haunifungi hapa Kenya. Fundi hashawishiki, na mimi sitaki kuagiza mzigo halafu ukwame.

Maswali yangu: kuna aliyewahi kupekua rejista ya KIPI (taasisi inayosajili alama za biashara Kenya) na kujua kama maneno haya yamesajiliwa Kenya kwa upande wa nguo? Na nikiuza mtandaoni kwa mteja aliye Marekani, niyaondoe kabisa, au shida ni michoro ya filamu peke yake?