Msimamizi wa mirathi anatumia kodi za nyumba ya marehemu kama mali yake: tufanye nini?

Kifunguamimba
Ndugu zangu, naomba ushauri. Baba alifariki mwaka 2022, kikao cha ukoo kikampendekeza baba mdogo kuwa msimamizi wa mirathi, na mahakama ya mwanzo ikamteua. Tangu hapo kodi za vyumba 4 anapokea yeye, fedha za benki ameshazitoa, na mama akiuliza anajibiwa kwamba barua ya usimamizi haina jina lake. Wadogo zangu wamerudishwa nyumbani mara mbili kwa kukosa ada. Je, barua ile inamruhusu kutumia mali hiyo atakavyo?

Karani Mstaafu
Poleni sana. Barua ya usimamizi haimfanyi mtu kuwa mwenye mali; inamkabidhi kazi ya kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kisha kuwagawia warithi haki zao. Kwa kanuni za mahakama za mwanzo za Tanzania za mwaka 1971, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa alipaswa kuwasilisha orodha ya mali na madeni, yaani Fomu Namba 5, na baada ya hapo hesabu, Fomu Namba 6, kwa vipindi ambavyo mahakama inapanga. Nendeni mahakama ileile na namba ya shauri, mwombe kuliona jalada. Fomu zisipokuwemo, mwandikieni hakimu amwite kutoa hesabu, na akikaidi ombeni uteuzi wake utenguliwe. Masjala niliona familia nyingi zikinyamaza mpaka nyumba inauzwa, na hapo kazi huwa nzito, kwa sababu anakuwepo pia mnunuzi anayedai haki.

Mama Wawili
Ningeanza na kikao kilekile kilichompendekeza, apewe siku za kuleta hesabu kwa maandishi, maana huenda sehemu ya fedha ililipa madeni ya marehemu au gharama za mazishi. Wapangaji waombeni nakala za risiti, lakini msiwazuie kulipa.

Karani Mstaafu
Kikao ni sawa, mradi muhtasari uandikwe na kusainiwa, na jalada mliangalie kwanza. Alichotumia kwa mambo yake binafsi anawajibika kukirudisha, hata akiwa ndugu wa damu.

Kifunguamimba
Ahsanteni sana. Namba ya shauri tunayo. Jumatatu nitakwenda masjala, kisha nitamwomba shangazi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, aitishe kikao.