Wakopeshaji wanataka kuvuta gari letu Jumatatu. Wana haki hiyo bila mahakama?

Mama Wawili
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba sana wanaojua sheria wasipite kimya.

Mwaka jana mume wangu alipata kiharusi. Hela ya matibabu ikatushinda, tukakopa milioni 6 kwa kampuni moja ya mikopo hapa Dar, dhamana ikiwa Noah yetu inayobeba watoto wa shule Kigamboni. Walichukua kadi halisi ya gari na funguo ya akiba. Riba ni asilimia 15 kwa mwezi, yaani 900,000. Miezi sita yote tumelipa hiyo 900,000 bila kukosa, kwa simu, na meseji zote ninazo. Mwezi wa saba tukakwama kwa sababu shule zilifungwa. Sasa wanasema deni ni 7,800,000: ile milioni 6 iko palepale, na 1,800,000 ni faini ya kuchelewa na gharama za ufuatiliaji.

Jana wamepiga simu kwamba Jumatatu asubuhi dalali anakuja kuvuta gari, na tukileta ubishi wanakuja na polisi. Kilichonikosesha usingizi zaidi ni kwamba siku ya kukopa, pamoja na mkataba wa mkopo, mume wangu alisainishwa karatasi nyingine inayosema amewauzia gari kwa milioni 6. Walimwambia ni utaratibu wa kawaida wa ofisi.

Gari hilo ndilo linalotulisha na kununua dawa. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Tegeta
Pole sana dada, Mungu amponye shemeji. Ushauri wangu ni mfupi: usiku huuhuu peleka gari kwa ndugu mkoani. Wakija wakute uwanja mtupu.

Kijana wa Sheria
Dada pole. Mimi ni wakili, ila ninayoandika hapa hayachukui nafasi ya mtu kusoma karatasi zako kwa macho.

Kwanza, deni ni madai, si jinai. Polisi hawana kazi ya kukusanya madeni ya kampuni, na hakuna askari anayeweza kukuweka ndani kwa sababu umechelewa rejesho. Hilo la polisi ni la kukutia hofu.

Pili, uliza swali moja tu: huyo anayekuja Jumatatu ametumwa na nani? Dalali wa mahakama hakamati mali ya mtu kwa sababu kampuni imempigia simu. Ni lazima kuwe na kesi, kuwe na hukumu, mdai aombe kukaza hukumu (yaani itekelezwe), kisha mahakama itoe amri ya kukamata mali. Kama hamjawahi kupata wito wa mahakama, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna kesi. Lakini hakikisha, kwa sababu wito unaweza kupelekwa kwa anwani ya zamani na hukumu ikatoka upande mmoja. Ulizia masjala ya mahakama ya mwanzo na ya wilaya kwa jina la mume wako.

Tatu, usome mkataba wenu wa mkopo. Kama una kifungu kinachompa mkopeshaji haki ya kushika gari mkishindwa kulipa, atakitumia, na mahakama haitakipuuza. Ila hata kifungu hicho hakimpi ruhusa ya kuruka geti, kuvunja kioo au kumsukuma mtu. Asipokabidhiwa kwa amani, njia yake ni mahakamani.

Kwa hiyo simuungi mkono Mzee wa Tegeta moja kwa moja. Kama hakuna amri ya mahakama, gari ni lenu, mnaliegesha mnapotaka. Ila ikiwepo amri halali, kulificha ni kujitafutia kesi nyingine juu ya hii.

Mzee wa Tegeta
Nimekuelewa wakili. Dada, fuata hilo.

Nimewahi Kuwa Yadi
Nimefanya kazi miaka mingi kwa dalali wa mahakama, nikikamata magari na kuyapeleka yadi. Nikueleze tunavyokwenda kazini, ili Jumatatu ujue unaongea na nani.

Mtu wa mahakama haji na mdomo. Anakuja na hati yenye namba ya kesi, majina ya mdai na mdaiwa, kiasi kinachodaiwa, sahihi na muhuri wa mahakama. Ana kitambulisho chake. Sisi kabla ya kugonga nyumba ya mtu tulianzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tunajitambulisha, anatupa mjumbe wa kushuhudia. Tukifika tunaandika orodha: namba ya gari, kilomita zilizosomeka, tairi la akiba, jeki, redio, mafuta yalivyo, mikwaruzo iko wapi. Mwenye mali anasaini, shahidi anasaini, nakala inabaki nyumbani. Ukiona watu wanne wameshuka kwenye gari, mmoja kashika funguo ya akiba, na hakuna anayetaka kuandika chochote, hao si wa mahakama.

Na hiyo funguo ya akiba waliyo nayo ni jambo kubwa. Magari mengi ya mikopo ya namna hii hayachukuliwi nyumbani kwa mabishano. Yanachukuliwa sokoni, shuleni, kwenye kuosha magari, dereva akiwa ameshuka dakika tano. Kesho mwite fundi umeme wa magari abadilishe kitasa cha kuwashia, au aweke swichi ya siri. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kulifuata gari yadi, maana huko gharama za maegesho zinahesabiwa kila siku. Na toa kila kitu cha maana ndani ya gari. Nimewahi kuona kadi ya kliniki ya mtoto ikikaa yadi wiki nzima kwa sababu mama yake alinyimwa kufungua mlango.

Ikitokea ni mahakama kweli, usipigane. Piga picha gari pande zote, piga picha hati, dai nakala ya orodha. Deni pamoja na gharama likilipwa kabla nyundo haijagongwa mnadani, gari linarudi. Na likiuzwa kwa zaidi ya deni, kinachozidi ni chako. Wengi hawakidai kwa kutojua.

Salma wa Magomeni
Hiyo riba ya 15% ndiyo niliyotaka kuizungumzia. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, hizi kampuni zinazokopesha bila kupokea amana ziko daraja la pili, zinapewa leseni na Benki Kuu, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Tupige hesabu. Asilimia 3.5 ya milioni 6 ni 210,000. Kwa miezi sita ni 1,260,000. Jumla ya mkopo na riba 7,260,000, nanyi mmeshalipa 5,400,000. Linalobaki ni 1,860,000. Wao wanataka 7,800,000! Hii ndiyo kausha damu yenyewe, mikopo ya riba ya kukamua watu, na inaniuma kwa sababu wanawatafuta watu wakiwa hospitalini.

Angalia jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya BoT, yaani Benki Kuu. Kisha waandikieni barua ya malalamiko, mkiomba taarifa kamili ya mkopo: mlichokopa, mlicholipa, riba, kila faini na msingi wake. Wakigonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, umepata silaha. Wasipokujibu au wakikujibu ovyo, unapeleka lalamiko BoT na hiyo nakala.

Kijana wa Sheria
Salma amesema vizuri. Niongeze kuhusu ile karatasi ya mauziano, maana ndiyo inayonitisha kuliko dalali. Mkopeshaji akiwa na kadi halisi na mkataba wa mauziano uliosainiwa, anaweza kujaribu kuhamisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato, wanaosajili magari) bila nyinyi kujua, kisha aseme anachukua gari lake. Kesho asubuhi, kabla ya lolote, nendeni TRA mkaangalie gari limesajiliwa kwa jina la nani. Na tunza hizo meseji za malipo kama roho yako. Mtu aliyenunua gari kwa milioni 6 halipwi 900,000 kila mwezi na aliyemuuzia. Meseji hizo zinaonyesha wazi kwamba ulikuwa mkopo.

Wakiendelea kutishia, wakili anaweza kufungua shauri na kuomba zuio la muda kwa hati ya dharura. Kama hela ya wakili hakuna, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanatoa msaada wa kisheria.

Usitegemee hoja kwamba gari ni kifaa cha kazi hivyo halikamatwi. Sheria ya Mwenendo wa Madai inalinda vitu kama nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na zana za fundi. Kuiingiza Noah ya biashara humo ni kazi ngumu.

Dereva wa Mbagala
Samahani kwa kudandia uzi. Mimi gari langu limekamatwa na dalali wa mahakama kwa deni la shemeji yangu, kisa lilikuwa limelala kwake. Kadi ina jina langu. Nifanyeje?

Kijana wa Sheria
Wewe ni mtu wa tatu, peleka pingamizi katika mahakama ileile iliyotoa amri. Kama ni mahakama ya wilaya au ya juu yake, pingamizi hilo liko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai. Ambatanisha kadi, bima na risiti za ununuzi. Fanya leo, kwa sababu gari likishauzwa njia inakuwa ndefu.

Mama Wawili
MREJESHO. Wakuu, Mungu awabariki. TRA gari bado liko kwa jina la mume wangu. Kitasa tumebadilisha. Jumatatu walikuja wawili, mwenyekiti wa mtaa alikuwepo nyumbani. Niliomba amri ya mahakama, wakasema iko ofisini. Mwenyekiti akawaambia waifuate kwanza. Wakaondoka bila fujo. Barua ya kuomba taarifa ya mkopo waligoma kuigongea muhuri mpaka wakili wa msaada alipowapigia. Leo meneja kanipigia, sauti ya upole kabisa, anasema nipeleke milioni 2 taslimu tuyamalize. Shemeji yuko tayari kutukopesha bila riba. Nipeleke?

Salma wa Magomeni
Alhamdulillah! Lakini taslimu hapana.

Nimewahi Kuwa Yadi
Hapana dada, usibebe hela. Waandike kwanza barua kwamba milioni 2 inamaliza deni lote, na kwamba watarudisha kadi, funguo na ule mkataba wa mauziano, ule halisi na si nakala. Wakili aisome. Malipo yapitie benki, kwa akaunti yenye jina la kampuni, si la meneja. Nenda na mwenyekiti au shemeji. Risiti ya benki mkononi mwako, kadi mezani, mnabadilishana hapohapo. Wakisema kadi iko tawi lingine, ondokeni, mrudi siku itakapokuwepo.