Mafundi mnaopimia amplifaya kwa laptopu, tupeane uzoefu

Fundi wa Langoni, Lamu
Salaam aleikum. Natengeneza redio na amplifaya. Jenereta ya signali sina, natumia laptopu: programu ya Audacity inatoa mlio wa Hz 1,000, nauingiza kwa waya wa hedifoni, naanza hatua ya mwisho ya amplifaya nikirudi nyuma. Mlio unaponyamaza, ubovu upo hapo.

Kabla ya Maulidi mkono uliniteleza, ncha ya waya ikagusa laini ya volti 35. Tap! Upande wa kushoto wa laptopu haujalia tena. Sasa nimefunga kinga ya laptopu ndani ya kopo la dawa: ncha inakutana kwanza na kapasita ya mikrofaradi 1, volti 250, ile isiyo na chanya wala hasi, kisha rezista ya kilo-ohm 1, kisha, upande wa laptopu, dayodi mbili za 1N4148 kwenda ethi (ule waya wa pili, wa pamoja), zimelala mzungu wa nne. Ila sauti iwe ndogo. Ikipita nusu volti hivi dayodi zenyewe zinalichonga wimbi, ukadhani amplifaya ndiyo inayokwaruza. Nimeshang'oa transista mbili nzima kwa ujinga huo.

Haya, semeni yaliyowafika.

DJ, Malindi
Yangu fupi na ya aibu. Nilichomeka laptopu tundu la maiki la miksa, nipime spika za arusi. Kibonye cha volti 48 za maiki ya kondensa kimeachwa kimebonyezwa. Tundu la laptopu likafa kabla bibi arusi hajatoka.

Wa Shela
Mimi nilichoma twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Mlio niliupunguza ndani ya Audacity, laptopu yenyewe iko juu kabisa, amplifaya nimeifungulia. Ukaingia ujumbe wa WhatsApp! Siku hizi nazima intaneti kwanza.

Mwanafunzi, Malindi
Si mngetoa chaja tu? Laptopu ikiwa kwa betri si iko salama?

Fundi TV, Mkomani
Mwanangu, hapo ndipo nilipotupwa. TV ya zamani, ile ya mgongo, chesi yake, yaani fremu ya chuma ya ndani, imeungana na umeme wa nyumba, volti 240. Chaja nilitoa, kama usemavyo. Nikabana klipu ya ethi kwenye chesi. Laptopu ina ganda la chuma. Kuligusa tu, mkono ukarudi wenyewe na birika la kahawa likaenda chini. Kapasita ya mwenzetu iko kwenye waya wa mlio, waya wa ethi unapita mtupu. Betri haikukinga kitu, laptopu nzima iligeuka laivu pamoja na TV. Chombo cha namna hiyo kipitishe kwenye transfoma ya kutenga, 240 kwa 240, au kiache. Na pawasaplai za kisasa, upande unaoingia umeme, ni hivyo hivyo.

Mwanafunzi, Malindi
Shikamoo mzee, nimeelewa. Na kadi ya sauti ya USB?

Fundi wa Langoni, Lamu
Ndiyo ninayotumia sasa, ikiungua haiumi sana. Lakini ethi yake ni ile ile ya laptopu, kwa hivyo ya mzee wa Mkomani yako pale pale. Mwenye modemu mbovu ya zamani, ile ya intaneti ya laini ya simu, asiitupe, mna kitransfoma cha sauti ndani, kinaua ule mvumo wa Hz 50 ukiunganisha laptopu na miksa. Kwa miksa tu, si kwa TV. Nazinunua.